Nyamgondho na Ukweli wa Hadithi za Ajabu

Wapo wahakiki wanaoshikilia kwamba hadithi za ajabu, zenye utajiri wa ghafla na viumbe watokao majini, ni kilevi tu: humsaidia msikilizaji kuyakimbia maisha, wala hazimfunzi kuyakabili. Makala haya yanaipinga rai hiyo kwa kuichunguza hadithi ya Nyamgondho mwana wa Ombare, isimuliwayo na Wajaluo wa Gwassi, kwenye mwambao wa Ziwa Viktoria, kusini-magharibi ya Kisumu.

Katika masimulizi mengi, Nyamgondho ni mvuvi fukara. Siku moja anavua mwanamke badala ya samaki. Anampeleka nyumbani, na tangu hapo mifugo inajaa zizini. Usiku mmoja anarudi kutoka ulevini, anakuta lango limefungwa, naye anamtukana mkewe kwa kumkumbusha alikookotwa. Mwanamke anashika njia ya ziwani, na mifugo yote inamfuata majini. Nyamgondho anageuka mti.

Mwanzo na mwisho wa kisa ni ajabu tupu. Lakini kinacholeta maangamizi si muujiza: ni tusi la mlevi langoni. Tulinganishe na riwaya ya Grace Ogot, The Promised Land (1966). Ochola na mkewe Nyapol wanahama Nyanza kwenda Tanganyika kutafuta ardhi, safari ambayo Wajaluo wengi waliifanya kweli. Hata hivyo, anayeuvunja ustawi wao ni jirani mganga ambaye, kwa husuda, anamwotesha Ochola miiba mwilini. Riwaya ya uhalisi imekitafuta chanzo cha anguko nje ya nyumba. Hadithi ya ajabu imekitafuta ndani.

Hapa ndipo penye funzo. Mvuvi huota ng'ombe kwa sababu hana ng'ombe. Hadithi inampa ndoto hiyo, kisha inamwuliza ni nani aliyeuleta utajiri, na amelipwa nini. Swali hilo halijapitwa na wakati. Katika fuo za ziwa hilo, wanaokausha na kuuza dagaa zaidi ni wanawake, na wenye mashua zaidi ni wanaume. Watafiti wameieleza desturi ya jaboya, ambapo mchuuzi hulazimika kumpa mvuvi mwili wake ili apate samaki.

Basi wahakiki wasiishie kuuliza kama hadithi inayakimbia maisha. Waulize inakimbia jambo gani hasa. Mara nyingi jibu lake ndiyo picha sahihi ya maisha yenyewe.