Wakaguzi wa Mialoni Mara

Shirika la Uwakala wa Meli Tanzania, yaani TASAC, lililoanza kazi mwaka 2018 na kukabidhiwa udhibiti wa usalama wa vyombo vya majini, linastahili pongezi katika mialo ya Musoma, Bunda na Butiama, ambako ukaguzi hugusa hata mtumbwi wa mbao: kalafati, yaani pamba inayoziba nafasi kati ya mbao, hutazamwa, na jaketi okozi huhesabiwa. Kazi hiyo haipigiwi makofi, kwa kuwa ajali iliyozuiwa haionekani, ilhali ajali za meli ya MV Bukoba iliyozama tarehe 21 Mei 1996, na mitumbwi iliyopinduka Mchigondo, Bunda, Julai 2023, hazisahauliki. Manahodha nao, ambao ndio wenye uamuzi chombo kikishang'oa nanga, wakatae abiria wa ziada.