Mermaid Avenue: Maneno Yalibaki, Mahadhi Yalipotea

Woody Guthrie, mwimbaji Mmarekani wa nyimbo za kijadi, alifariki mwaka 1967 akiacha karatasi nyingi kuliko sahani za santuri. Kati yazo kulikuwa na maneno ya nyimbo zaidi ya 1,000 ambazo hakuwahi kuzirekodi. Baadhi aliziandika miaka alipoishi na familia yake Mermaid Avenue, barabara ya Coney Island, New York. Mahadhi hakuyaandika kwa nota. Aliyabeba kichwani, na ugonjwa wa Huntington ulipommaliza, yakaenda naye.

Katikati ya miaka ya 1990 binti yake, Nora Guthrie, alimfungulia hifadhi ya karatasi hizo Billy Bragg, mwimbaji Mwingereza wa siasa za mrengo wa kushoto. Bragg akawavuta Wilco, bendi ya roki kutoka Chicago, na mwaka 1998 ikatoka albamu ya *Mermaid Avenue*, yenye nyimbo 15.

Njia rahisi ilikuwepo. Guthrie mwenyewe alikuwa na kawaida ya kuazima: mahadhi ya "This Land Is Your Land" yanafuata wimbo wa kundi la Carter Family. Wangeweza kuchukua nyimbo za kale, wakaongeza kinanda cha mdomo na sauti ya vumbi la Oklahoma alikotoka Guthrie, na hakuna ambaye angewalaumu. Nora hakutaka kumbukumbu ya namna hiyo. Alitaka muziki wa watu walio hai, kwa hiyo kila karatasi ilibidi isomwe upya: maneno haya yanadai mwendo gani?

Mpenzi wa taarab hatashangaa mmoja kuandika maneno na mwingine kuyatia muziki. Lakini mshairi wa taarab humpa mwenzake beti zenye mizani na vina. Ukipata mahadhi ya ubeti wa kwanza, zilizobaki zinaingia zenyewe. Guthrie mara nyingi hampi mtu nafasi hiyo. Chukua "Walt Whitman's Niece", wimbo unaofungua albamu. Ni kisa cha usiku mmoja, kinachosimuliwa na mtu anayekatiza maneno yake mwenyewe kila mara, na mistari inafurika mapigo.  Bragg anaimba nusu akiongea, kisha wenzake wanamrudishia vipande vya sentensi kwa kelele, kama walevi wanaomdadisi msimulizi. Kelele hizo zinachekesha, lakini zina kazi kubwa zaidi: kila mstari unapopitiliza, itikio linampa mwimbaji pumzi na kuirudisha bendi kwenye pigo. Kwangu huo ndio ufundi mkubwa kuliko wote katika albamu hii, kwa sababu maneno yenyewe ndiyo yaliyoonyesha mahali pa kuwaweka waitikiaji.

"California Stars" ilidai kinyume chake. Maneno ni machache, matakwa ya mtu aliyechoka anayetamani kulala chini ya nyota. Jeff Tweedy na Jay Bennett wa Wilco waliyapa kodi tatu za gitaa zinazozunguka mwanzo hadi mwisho, bila kituo cha kugeuzia wimbo. Kinachobadilika ni ala zinazojazia nyuma. Mtunzi mwenye haraka angeongeza kibwagizo kikubwa hapo, akauharibu.

Katika "Ingrid Bergman", Bragg yuko peke yake na gitaa. Ni mafumbo ya matamanio kuhusu mwigizaji mwenye jina hilo na volkano ya kisiwa cha Stromboli. Ngoma zingeugeuza kuwa mzaha wa baa. "Another Man's Done Gone" ni piano na sauti ya Tweedy, na haufiki hata dakika mbili.

Udhaifu ulijitokeza wakati wa kuchanganya sauti. Bragg na Wilco hawakuelewana, na kila upande ukamalizia nyimbo zake. Sikiliza kwa spika nzuri utaona mshono: upande wa Wilco umejazwa tabaka za ala, upande wa Bragg umeachwa wazi, sauti yake ikiwa mbele. Mpangilio wa nyimbo umeficha hilo kwa werevu. Bragg na Tweedy wanapokezana karibu mwanzo hadi mwisho, na mapema, wimbo wa nne, anaongoza mwimbaji Natalie Merchant kwenye "Birds and Ships", sauti ya tatu inayovunja hesabu ya wawili kabla msikilizaji hajaanza kuihesabu.

Juzuu ya pili ilifuata mwaka 2000, na kwangu inasikika kama masalia mazuri. Mtihani wenyewe wa mbinu hii ulifanywa na wengine. Mwaka 2006 The Klezmatics, kundi la New York linalopiga muziki wa Wayahudi wa Ulaya Mashariki, lilitoa *Wonder Wheel* kwa maneno kutoka hifadhi ileile. Mama mkwe wa Guthrie, Aliza Greenblatt, alikuwa mshairi wa Kiyidi, lugha ya Wayahudi haohao, naye aliishi Coney Island. Kwa hiyo kundi hilo lilikuwa na haki ya kuzisoma karatasi hizo kwa klarineti na fidla, na albamu yao ikapata Grammy.