Pembe Inayongoja Jua

Fundi ninayetaka kumsifu hana kibao mlangoni. Mlango wenyewe pia hana. Ana bati, benchi na jiliwa, pembeni mwa soko la Kericho. Anatengeneza fremu za miwani kwa pembe za ng'ombe. Ukiishika fremu yake kivulini utaiona nyeusi tu, nzito kwa macho. Toka nayo nje asubuhi, kabla mvua ya alasiri haijafika kwenye mashamba ya chai, uiinue juani, na weusi ule utafunguka. Inajitokeza michirizi ya asali, hapa imekolea kama chai ya rangi, pale imepauka hadi kukaribia maji. Hakuna mchirizi hata mmoja aliouchora yeye. Ameikuta humo ndani, akaitafutia njia ya kutokea.

Kuchemsha pembe hadi kiini cha mfupa kichomoke, kuipasua, kuipasha moto na kuibana mpaka inyooke, hizo ni hatua ambazo kijana mwenye subira atazijua. Mwenyewe alizipata Kibera, Nairobi, kwenye vibanda vya mafundi wa mifupa na pembe. Mimi hunishika kile anachokifanya kabla ya msumeno. Huinua kipande kuelekea jua, akafumba jicho moja, akakigeuza polepole sana. Anatafuta rangi inakokimbilia. Pande mbili za fremu lazima zitoke mahali pamoja kwenye pembe moja, ili michirizi ya kulia na ya kushoto ikutane juu ya pua. Wingu likipita, hukiweka kipande chini akangoja. Nilimuuliza kwa nini asitumie balbu. "Stima hudanganya," akasema, wala hakuongeza neno.

Siku nyingine alinipa pembe nzima, isiyoguswa bado na tupa, akaniambia nipitishe kidole shinani. Kulikuwa na pete, zimepangana. Kila ng'ombe anapobeba mimba na kuzaa, pembe yake hukua kwa shida kwa muda, ikabaki na alama. Kiangazi kikali nacho huacha yake. Wafugaji wa zamani walihesabu pete hizo ndipo wakakubaliana bei. Fundi huyu mzee alizihesabu kwa ukucha, taratibu, kwa heshima ya mtu anayesoma jina kaburini. Kisha akaanza kukata.

Gogo, bibi yangu wa upande wa Bomet, alivaa fremu ya mzee huyu. Lenzi alipimiwa hospitali ya Tenwek, lakini fremu ya kwanza, ya plastiki, ilivunjika mkono akaifunga kwa uzi, mpaka tukampelekea mzee. Alikuwa akisoma Biblia nje, ameupa uso jua, na pembe ilimtupia shavuni kivuli cha rangi ya kahawia chenye mwanga ndani yake. Plastiki nyeusi hutupa kivuli cheusi, basi. Nilikuwa nikimtazama shavuni badala ya kusikiliza anachosoma, na yeye alijua, akaniacha. Kila baada ya muda alipaka fremu mafuta kidogo, kwa kuwa pembe ni jamii moja na kucha na nywele: ikikauka hupasuka, ikitunzwa hupata joto la mwili wa mvaaji.

Kazi hii ni kongwe. Miwani ilipoanza kuonekana Italia mwishoni mwa karne ya 13, fremu zilikuwa za mfupa, mbao na pembe. Uganda, pembe ndefu za ng'ombe wa Ankole bado zinageuzwa vikombe na shanga. Jamaa zetu Wapokot huipinda pembe ya dume ingali hai, moja mbele, moja nyuma. Na Cyrus Kabiru wa Nairobi, aliyezaliwa mwaka 1984, ameifikisha miwani ya nyaya na vyuma chakavu kwenye majumba ya sanaa ya ng'ambo. Namheshimu sana. Lakini miwani yake ni ya kutazamwa. Ya mzee ni ya kutazamia.

Siku hizi sokoni kuna fremu za plastiki ambazo maua yake huchanua rangi ukitoka juani na kufifia ukiingia ndani. Watoto wanazipenda, na siwalaumu. Kilichomo ni rangi ya kemikali ambayo miale ya urujuanimno huibadilisha umbo, ikaonekana. Kemikali hiyo huchoka. Inafunguka na kujifunga, inafunguka na kujifunga, hadi siku ua linakataa kuchanua, na fremu inaishia mtaroni. Fremu zote mia za mfano mmoja zina ua lilelile. Hakuna aliyeinua kitu juani kuchagua.

Linaloniuma zaidi liko mabomani kwetu. Ndama wa maziwa, Friesian na Ayrshire, huchomwa vishina vya pembe wakiwa wachanga ili wasiumizane zizini. Daktari wa mifugo ana sababu zake na ni za kweli. Ila kaunti nzima imejaa ng'ombe wasio na pembe, na wale wa kienyeji wanazidi kwenda. Mzee sasa hupata pembe kutoka upande wa Transmara, chache, nyingine zimepasuka kwa kuachwa juani. Wanawe wawili walijaribu benchi wakaondoka. Mmoja anaendesha boda, mwingine yuko Nairobi.

Basi nina ombi kwa wenye machinjio ya Litein, Sotik na Kapkatet. Zile pembe mnazotupa shimoni pamoja na kwato, hasa za ng'ombe wazee wenye pete nyingi, zitieni guniani mziweke kivulini. Mzee atazifuata mwenyewe, na atalipa.