Wapi Ule Ukifika Dar es Salaam

Kila kijana wa huku Kalemela anapopata nafasi ya kusoma Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wazazi wake hunijia na maswali mawili: nauli ni kiasi gani, na wakienda kumtazama watakula wapi. La nauli ni jepesi. La pili limenisumbua tangu nilipokwenda mwenyewe kumtazama mjukuu wangu, nikakaa siku tatu. Nimeona heri niliandike kama nilivyozoea kusahihisha insha, bila kumwonea mtu wala kumpendelea.

Niseme mapema kwamba mimi si msomi wa Mlimani. Nilisomea chuo cha ualimu, nikafundisha, nikawa mwalimu mkuu mpaka nikastaafu. Chuo Kikuu kilipoanza mwaka 1961 katika jengo la TANU, kwenye mtaa unaoitwa sasa Lumumba, nilikuwa bado mtoto wa kuchunga ng'ombe. Kilihamia Mlimani mwaka 1964 nikiwa ningali naswaga ng'ombe hao hao. Kwa hiyo mtu asidhani nina kinyongo cha aliyefukuzwa huko wala majivuno ya aliyehitimu.

Mjukuu alinipokea stendi ya Mbezi, akachukua mfuko wangu wa michembe na matobolwa, na kesho yake akanipeleka kwenye hoteli moja ya ufukweni. Jina nitaliacha. Vitambaa vya meza vilikuwa vyeupe, upepo mwanana, na orodha ya vyakula ilikuwa ya Kiingereza tangu juu hadi chini, kana kwamba Waswahili hawali. Nikauliza wana samaki gani. Kijana wa mezani akajibu kwa adabu, "Samaki wa baharini, mzee, wa leo leo."

Ukaja mnofu mweupe, mnene, wenye mafuta, usio na mwiba hata mmoja. Ndugu msomaji, Kalemela si mbali na ziwa. Sangara aliletwa ziwani miaka ya 1950, nasi tumekua tukiona akiwamaliza furu tuliokuwa tukiwavua kwa ndoana. Hakuna mtu wa Dar es Salaam anayeweza kunifundisha ladha yake. Nilikuwa nimesafiri zaidi ya kilomita 1,000 kwa basi kuja kula samaki wa nyumbani, tena aliyelala kwenye barafu. Nilipomwita yule kijana nikamwuliza taratibu, alikwenda jikoni, akarudi akitazama viatu vyake. Sikumgombeza. Kosa halikuwa lake, na mjukuu wangu alikuwa amekaa pale akitabasamu kwa fahari ya kumkirimu babu yake. Nikala nikamaliza, nikasifu. Sosi ya ukwaju, kwa haki, ilikuwa nzuri.

Siku ya pili nilimwambia anipeleke anakokula yeye. Akasitasita, kisha akaniongoza kwa mamantilie mmoja, njia ya kwenda Changanyikeni. Jina hilo, kwa wasiolijua, limetokana na wateja wanaosema "Mama, nitilie", yaani nipakulie. Ni watu wa kuheshimiwa. Katika operesheni ya Nguvukazi ya mwaka 1983 wachuuzi wadogo wa mijini walisombwa kama wazururaji. Leo sijui nusu ya ofisi za jiji zingefanyaje kazi mchana bila masufuria ya kina mama hawa.

Nitoe alama. Wali ulikuwa umezidi maji, na nilitafuna jiwe. Maharage yalikuwa ya nazi, yameiva mpaka ndani, hayana haraka. Mchicha ulikuwa wa kijani bado, jambo ambalo hoteli nyingi hazijui. Maji ya kunawa yalikuwa ya moto, na sabuni ipo. Bei aliitaja kabla ya kupakua. Chakula cha ufukweni cha mtu mmoja kingemlisha mjukuu wangu pale siku tisa.

Lakini nililojia kusema ni hili. Yule mama alipomaliza kuniamkia alimgeukia kijana. "Mwanangu, wiki mbili mchana sikuoni. Unaumwa?"

"Nilikuwa na mambo, mama."

"Mambo gani yanayozuia kula?"

Hakujibu. Barua yangu ya simu kwamba ninakuja ilikuwa imemfikia wiki mbili kabla. Sikuuliza zaidi, ila nilijua fedha za kitambaa cheupe zilitoka wapi. Nikaona pia, juu ya kabati la vyombo, daftari la mistari lenye majina ya wanafunzi, nani amekula, nani anadaiwa, nani hajaonekana. Nimekagua madaftari ya mahudhurio kwa miaka mingi; machache yaliandikwa kwa uangalifu ule.

Siku ya tatu nilisema nitalipa mimi, tukaenda soko la samaki la Feri, lile lililojengwa kwa msaada wa Japani na kufunguliwa mwaka 2002. Hapa ndipo ninapowaelekeza wazazi. Nenda asubuhi, usivae viatu vya kanisani. Unamchagua samaki mwenyewe akiwa mzima na macho yake; sisi tulichukua changu wawili. Unamlipa kijana wa kupara magamba, kisha unapeleka kwa wakaangaji. Mafuta yao yamekaangia wengi, sitaficha, na harufu ya pale ni ya kuvumilia. Lakini hakuna wa kukudanganya samaki katoka wapi, kwa kuwa mashua unaiona. Jioni mjukuu akanionjesha supu ya pweza barabarani. Muuzaji alinieleza faida zake kwa lugha ambayo babu na mjukuu wanaruhusiwa kuisikia pamoja, kwa kuwa ni watani. Ladha sikuipenda.

Kabla ya kwenda stendi nilipita peke yangu kwa yule mama, nikampa fedha za chakula cha mchana mpaka mwisho wa muhula. Akaandika, akaniuliza amwambie nini kijana. Nikasema amwambie kwamba alikosea hesabu mwezi uliopita, akamdai zaidi.

Akacheka. Akasema yeye hajawahi kukosea hesabu, na kijana analijua hilo.