Mkono Usio na Pupa

Fundi wa magari husifiwa sana kwa kile alichokifungua: kashusha injini, kapasua gia boksi, kafanya oveholi. Mimi namsifu yule asiyegusa nati mpaka ajue kwa nini anaigusa. Magari madogo mengi tunayopanda yalifika kwetu yakiwa yameshatumika kwingine. Yanaendelea kutembea kwa sababu wapo watu, wengi wao chini ya mwembe au kwenye kibanda cha mabati, wanaojua kutafuta chanzo cha tatizo kabla ya kuinua spana.

Chukua Toyota IST, gari ambalo Dar es Salaam halihitaji kutambulishwa. Ilianza kuuzwa Japani mwaka 2002, ikiifuata Vitz iliyotoka mwaka 1999. Mafundi huiita kwa namba zake: NCP60 ni ya lita 1.3, NCP61 ni ya lita 1.5. Kwa kuwa Japani nao huendesha upande wa kushoto, usukani tayari uko mahali tunapouhitaji. Kule gari jipya hukaguliwa kwa lazima baada ya miaka 3, kisha kila baada ya miaka 2, na kadiri linavyozeeka ndivyo wenye nalo wengi wanavyoona afadhali kuliuza kuliko kuendelea kulilipia. Linapelekwa mnadani, linapanda meli, linashuka Mombasa au Dar es Salaam. Kenya haipokei gari lililozidi miaka 8. Tanzania hulipokea na kulitoza ushuru wa ziada kwa uzee wake. Ndiyo maana hapa mjini si ajabu kukuta Vitz yenye umri sawa na kijana aliyelala chini yake akifungua nati ya oili.

Gari la mnadani huja na karatasi yenye mchoro wa bodi, na mkaguzi ameweka herufi kila palipo na jambo: A kwa mkwaruzo, U kwa palipobonyea, W kwa palipokarabatiwa. Daraja likiwa R, gari limewahi kugongwa na kutengenezwa. Ni karatasi ya kuheshimiwa, lakini ikishapita miaka michache ya mashimo na matuta yetu, inaeleza gari ambalo halipo tena. Anayenunua gari la mkononi ananunua maisha liliyoyaishi hapa, na hayo hayajaandikwa popote. Ni fundi anayeweza kuyasoma.

Ukimwomba fundi wa namna hii akusindikize kwa muuzaji, atataka mwende asubuhi na mapema, na muuzaji aambiwe asiliwashe gari. Akifika, salamu hazijesha na kiganja chake kiko juu ya boneti. Ikiwa ya moto, atasubiri ipoe, maana injini iliyochoka hujieleza vizuri zaidi inapoamka. Anafungua kifuniko cha oili na kutazama upande wake wa chini. Akikuta utando mweupe kama chai ya maziwa, hasemi kitu bado: safari fupi fupi zinaweza kuleta unyevu huo. Anakwenda kwenye rejeta kutafuta mafuta juu ya maji, kwa kuwa hahukumu kwa dalili moja. Anachomoa stiki ya oili ya gia boksi na kuinusa, maana oili iliyoungua haifichi harufu. Ndipo gari linawashwa. Linaachwa liungurume, kisha wewe unaambiwa ukanyage mafuta mara moja, yeye amesimama nyuma ya eksozi. Moshi wa bluu ni oili inayoungua. Mweusi ni petroli inayozidi. Mweupe usiokoma hata injini ikishapata moto ni maji yanayoingia yasipotakiwa.

Kwenye bodi hatazami mng'aro, anatazama bolti za madigadi: kama rangi yake imechubuliwa na spana, basi madigadi yalishatolewa, na lazima ijulikane kwa nini. Anavuta mkanda wa kiti mpaka mwisho wake kutafuta mstari wa tope, dalili ya gari lililowahi kuzama kwenye mafuriko. Anatazama raba ya pedali ya breki, kwa sababu kilomita za dashibodi hurudishwa nyuma na watu, lakini raba iliyolika hairudi. Mwisho anakata usukani wote na kulizungusha gari polepole, madirisha wazi, redio imezimwa, akisikiliza kama joiti za magurudumu ya mbele zinagonga. Kazi yote hiyo haijamaliza saa moja, na haijafungua hata bolti moja.

Busara hiyo hiyo nimeiona kwenye matengenezo. Katika gereji moja ya Magomeni, dereva wa teksi ya mtandaoni alileta IST yenye misi. Injini ilikuwa ikitetemeka kwenye sailensa mpaka kioo cha pembeni kinacheza. Kwingine alikuwa ameshaambiwa anunue koili nne.

"Fundi, nipe tu bei ya koili, nikazifuate Kariakoo."

"Subiri, kaka. Tuisikilize kwanza."

Fundi aliiacha injini ikiunguruma, akachomoa soketi ya koili ya kwanza. Mtetemo ukaongezeka: silinda hiyo ilikuwa inafanya kazi. Akairudisha. Ya pili, vivyo hivyo. Alipochomoa ya tatu, hakuna kilichobadilika, na hapo alishajua silinda iliyolala ni ipi. Mwenye pupa angetamka neno koili papo hapo. Yeye alizima injini, akaihamishia koili ya tatu kwenye silinda ya pili, na ya pili akaileta kwenye ya tatu. Kama kosa lilikuwa la koili, misi ingehama nayo. Haikuhama. Akabadilishana plagi kwa njia hiyo hiyo, na safari hii misi ikahamia silinda ya pili. Alipoigeuza ile plagi juani, kaure yake ilikuwa na ufa mwembamba usioonekana mpaka uuelekeze kwenye mwanga. Dereva alinunua plagi nne, kwa kuwa zote zilikuwa za umri mmoja, na koili zake zote zikabaki kazini.

Hicho ndicho kipaji ninachokizungumzia. Pale palikuwa na maswali matatu yaliyopangwa kwa utaratibu, na kila jibu likifunga mlango mmoja. Kompyuta ya kupimia ina faida yake, na fundi huyo anayo, lakini ikisema silinda ya tatu inamisi haijasema kwa nini. Hiyo "kwa nini" ndiyo ufundi.

Kuna nyakati ustadi mkubwa ni kukataa. Gari likichemsha, wapo wanaokimbilia kung'oa thamostati, wakiamini kwamba nchi ya joto haiihitaji. Fundi anayejua kazi yake huirudisha. Injini imeundwa ifanye kazi katika joto maalumu. Ikibaki baridi kupita kiasi inakunywa petroli zaidi na kulika upesi. Isitoshe, thamostati iliyotolewa huacha chanzo cha kuchemka palepale: feni isiyozunguka, rejeta iliyoziba, mfuniko usioshika presha, maji ya bomba yaliyokula pampu pole pole kwa kukosa kulanti. Siku injini hiyo itakapochemka kwelikweli, silinda hedi ya aluminiamu itapinda, na hapo unalipia oveholi ambayo kulanti ingeizuia.

Mwenye gari naye ana sehemu yake katika ufundi huu. Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari, na sijui mali ambayo methali hiyo inaifaa kuliko gari. Andika oili ilimwagwa kilomita ngapi na ni ya aina gani. Andika kulanti, plagi, breki, oili ya gia. Vitz nyingi za kizazi cha pili, kilichoanza mwaka 2005, zina gia boksi ya CVT, na hiyo haitaki oili yoyote isiyo yake. Ukiijaza ya kawaida kwa kuokoa fedha kidogo, utakuja kununua gia boksi. Daftari la namna hiyo humwokolea fundi nusu ya maswali yake. Siku ya kuuza, litakuongezea bei bila wewe kusema neno.

Ustadi huu hurithishwa kwa kusimama karibu. Kijana anaanza kwa kuosha nati kwenye petroli na kujua spana ya 10, 12 na 14 kwa macho. Baada ya muda anaruhusiwa kusikiliza, kisha anaulizwa amesikia nini. VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi ya Tanzania, hutoa mafunzo darasani, na ina utaratibu wa kurasimisha ujuzi wa waliojifunzia mtaani, ili mtu aliyekomaa kazini apate cheti kinacholingana na mikono yake. Ni haki yao, na ningependa kila gereji ya uchochoroni iufahamu utaratibu huo.

Lakini heshima ya kwanza iko mikononi mwetu sisi wateja. Tumezoea kulipia spea na jasho. Fundi akihangaika siku nzima na injini iko chini, tunalipa bila ubishi. Akigundua kwa dakika 20 kwamba ni waya uliolegea, tunampa hela ya soda na kuona tumemtendea wema. Hivyo tunamfundisha kwamba kufungua kuna malipo zaidi kuliko kujua, halafu tunalalamika kwamba mafundi wanabadilisha vitu visivyohusika. Tukubaliane bei ya uchunguzi kabla boneti haijafunguliwa, na tuilipe yote hata kama hakuna spea iliyonunuliwa. Fundi aliyekuambia "gari lako halina shida, nenda" amefanya kazi yake mpaka mwisho, na anastahili ujira kamili.