Nitrojeni ya Swaswa huenda wapi?

Majitaka ya Dodoma yaliyoungwa kwenye mtandao wa DUWASA, mamlaka ya maji ya jiji hilo, yana mabwawa yake Swaswa. Katika mabwawa ya aina hiyo kazi hufanywa na bakteria, mwani na jua, na bili ya umeme ni ndogo mno. Mitambo ya aina aliyoibuni James Barnard huko Pretoria miaka ya 1970, inayozungusha tope kati ya matangi yenye hewa na yasiyo na hewa, huondoa nitrojeni na fosforasi vizuri zaidi, lakini pampu na vipuliza hewa havilali.

Bwawa la kwanza, lenye kina kirefu, halipunguzi nitrojeni kwa kiasi cha kujivunia. Bakteria huimeng'enya tu ikawa amonia. Mabadiliko huanza kwenye mabwawa ya kina kifupi. Huko mwani hufyonza kaboni dayoksaidi mchana kutwa hadi pH ikapita 9. Kwa miaka mingi vitabu vilisema amonia huruka hewani hapo, na jibu hilo likakubalika mapema mno. Camargo Valero na Duncan Mara wa Chuo Kikuu cha Leeds walipoipima, walikuta inayoruka ni kidogo. Sehemu kubwa huliwa na mwani, ambao hufa na kuzama kwenye tope.

Kwa hiyo mwani ukitoka na maji, nitrojeni imetoka nao. Tope lisipozolewa kwa wakati, litairudisha amonia majini. Fosforasi ndiyo haina kabisa njia ya hewani: hujifunga na kalsiamu pH inapopanda, ikazama, au hutoka na maji.

Dodoma ina mtego wake. Mvua ni kama milimita 570 kwa mwaka, tena ya msimu mmoja, na jua hukausha maji mengi kuliko hayo. Maji yakipungua, miligramu kwa lita hupanda hata kama kilo zimeshuka. Anayesoma cheti cha maabara tu atalilaumu bwawa linalofanya kazi.

Tena, nitrojeni iondolewe kiasi gani? Mabogini, Moshi, maji yaliyotoka mabwawani humwagilia mpunga. Mkulima anaitaka nitrojeni hiyo, ila ikizidi mpunga hulala. Kwake, kuondoa minyoo na vimelea vingine ndilo deni la kwanza la bwawa.

Kwa Swaswa ningeanza na vipimo vitatu: mtiririko wa kuingia na wa kutoka, sampuli iliyochujwa kando ya isiyochujwa, na kina cha tope.