Lara Croft Amerudi, na Vidole Vyake Si vya Kawaida!

Jamani, pedi ya gemu siiachi! Tomb Raider I–III Remastered ndiyo kwanza imeingia mikononi mwangu na usingizi umeniruka. Kampuni ya Aspyr imezichukua gemu tatu za Core Design ya Uingereza, zilizotoka 1996, 1997 na 1998, ikazing'arisha na kuziachia kwa pamoja tarehe 14 Februari 2024. Unabonyeza batani moja, picha inarudi kuwa ile ya zamani yenye kona kona. Unabonyeza tena, mapango ya Peru yanajaa mwanga na vivuli. Raha tupu!

Ila kilichoniteka hasa ni kudaka ukingo. Lara, shujaa wa gemu hizi, anatimua mbio, anaruka, nawe umebana batani ya kushika huku umeuma meno. Pengo la miraba miwili ya sakafu analivuka kwa miguu. La miraba mitatu halivukiki bila mikono: vidole vinanasa, mwili unajibamiza ukutani, miguu inaning'inia hewani. Ukiachia batani, kwaheri! Katika gemu nyingi za siku hizi mhusika hujishikia mwenyewe. Hapa anayeshika ni wewe.

Basi nikajiuliza: mtu wa kweli angeweza kudaka ukingo akiwa anaanguka? Chukua mtu wa kilo 60 aliyeanguka mita 2. Anaufikia ukingo kwa kasi ya kilomita 22 kwa saa. Tuseme mikono yake inausimamisha mwili ndani ya sentimita 30. Kani ya wastani inakaribia mara nane ya uzito wake, sawa na kubeba kilo 460, yaani 230 kila mkono! Akianguka mita 5, kasi inafika kilomita 35 kwa saa, mwendo wa bodaboda, na mzigo unapita tani moja. Wakwea miamba hodari kabisa huweza kuning'inia kwa mkono mmoja kwenye ukingo wa milimita 20, tena wakiwa wametulia, bila kuanguka popote. Mzigo ukizidi, vile vikanda vinavyobana kano kwenye mfupa wa kidole hukatika, na mara nyingine mlio wake husikika.

Na hapo tumechukulia kwamba umeudaka ukingo. Baada ya kuanguka mita 5, sentimita 10 za ukuta zinakupita kwa sehemu moja tu ya mia ya sekunde. Ukiuona ukingo ndipo uamue kunyoosha mkono, utahitaji sehemu kama mbili za kumi, na kufikia hapo umeshashuka mita 2 nyingine. Ndiyo maana wakwea huning'iniza roho zao kwenye kamba inayonyumbuka. Kamba ikirefuka, mwili unasimama polepole, na mzigo unabebwa na mshipi wa kiunoni na mapajani, si na vidole.

Lakini msidhani gemu yote ni chumvi! Lara akiruka wima kudaka ukingo ulio juu yake, yuko sahihi kabisa. Kileleni mwa mruko mwili husimama kwa kitambo kidogo, hauendi juu wala chini, na wakwea hujifunza kushika papo hapo. Tena kuna mbinu yangu kipenzi: unampa shimo mgongo, unaruka hatua moja kinyumenyume, unabana batani, Lara ananing'inia, kisha unamwachia adondoke. Urefu wa mwili na mikono umeshatolewa kwenye anguko. Hiyo ni akili ya kweli!

Kasoro ipo. Vidhibiti vipya ni laini kwa kutembea, lakini kwenye miruko inayotaka kipimo vinakupeleka shimoni. Rudi kwenye vya zamani, vigumu mwanzoni, ambavyo ukishavizoea unajua kila hatua inaishia wapi. Kamera nayo hujificha nyuma ya nguzo wakati ndiyo unaihitaji.

Hukumu yangu: inunue! Anzia nyumbani kwa Lara, kwenye ukumbi wake wa mazoezi, ujifunze kuruka na kushika kabla hujakutana na mbwa mwitu wa Peru. Ila ukiwa juu ya paa la kwenu, ndugu yangu, shuka kwa ngazi.